Wimbo Uliochechemea

Jumatatu, 4 Machi

Leo karakanani redio haikuwashwa. Siku zote huwashwa kabla hatujatia uzi kwenye sindano, na kabla ya chai lazima wapige angalau wimbo mmoja wa mwanangu Chiriku, na wenzangu lazima wanitanie — haya mama mtunzi, simama utuchezee. Leo kimya. Cherehani tu zinakwenda. Waliokuwa wakikaa kulia na kushoto kwangu wamehama. Mmoja anadai anafuata mwanga dirishani. Mwingine hakudai kitu.

Mama Vifungo peke yake ndiye aliyenijia na kikombe chake. Anashona vifungo tu, ndiyo asili ya jina, na haogopi mtu. Akaniuliza kama ni kweli. Kweli nini? Maana Jumamosi mimi sikwenda uwanjani, goti lilinikatalia.

Basi akanisimulia. Uwanja mpya unafunguliwa, watu wamejaa hadi juu ya kuta. Muziki wa Mkubwa wa nchi kuingilia ametunga mwanangu. Hauna neno hata moja, ni ala tupu. Mkubwa akashuka garini, bendi ikaanza — pa, pa, paa-pa; pa, pa, paa-pa. Mdundo wa mtu anayechechemea. Na Mkubwa anachechemea! Mguu wa kushoto. Nchi nzima inajua, nchi nzima imefumba mdomo. Kila hatua yake ikawa inaangukia palepale penye mdundo. Mtu mmoja akacheka. Kisha jukwaa zima. Kisha wakampigia makofi ya kumfuatisha mpaka alipoketi.

Mama Vifungo alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Mimi nilishika meza. Niliujua ule mdundo kabla hajamaliza kuuimba.

Ni wa cherehani yangu. Ile ya nyumbani, ya kukanyaga, ambayo mkanda wake huteleza — mishono miwili sawa, wa tatu unajivuta. Chiriku kalala chini ya cherehani hiyo tangu ananyonya. Hakutunga mguu wa mtu. Alinitunga mimi.

Nani atakayeamini?

Simu yake haipatikani tangu jana.


Jumanne, 5 Machi

Wamekuja. Asubuhi, sijatoka hata kwenda kazini.

Wawili walibaki kwenye gari. Aliyeingia ndani ni kijana wa makamo, mwembamba, miwani, viatu safi. Akanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba — nimemwitikia mtu aliyekuja kumwinda mwanangu! Ulimi una mazoea yake.

Nikamkaribisha chai. Akanywa. Akasifu. Akauliza nimelala vipi, goti linaendeleaje. Nani kamwambia habari za goti langu?

Mzee wangu, baba yake Chiriku, akajitia mbele. Akamweleza kuwa yeye ni mstaafu wa bendi ya polisi, tarumbeta ya kwanza, kwa hiyo tunazungumza kama watu wa nyumba moja. Mwenye Miwani akasema anajua. Anajua kila kitu, huyu. Kitu kimoja tu hajui, nacho ndicho kimemleta: Chiriku yuko wapi. Nikamwambia sijui. Nashukuru Mungu sijui. Angenikamua ningetoa nini?

Nikajikaza nikamweleza habari za cherehani. Akasikiliza vizuri, kichwa kimeinama. Akasema, basi mama, hebu nisikie. Nikakaa, nikatia kitambaa, nikakanyaga.

Ikaenda sawasawa. Tak-tak-tak-tak, kama mvua ya bati. Haikuteleza hata mara moja!

Mzee akatabasamu kama bwana harusi. Alinibadilishia mkanda wiki iliyopita, alikuwa anangoja nigundue mwenyewe nifurahi.

Mwenye Miwani hakucheka. Alisema tu ni cherehani nzuri. Halafu akaomba simu zetu, yangu na ya Mzee, za kwenda kukaguliwa. Aliziomba kwa mikono miwili.


Alhamisi, 7 Machi

Hasira zimenijaa hadi kooni. Bora hasira, zinasukuma hofu kando kidogo.

Nilitoka kazini nikapitia kwa binti yangu. Nilimtaka tu, nimwone, anishike mkono — yeye ni nesi, mikono yake inatuliza hata maiti. Simu sina, nikaona niende kwa miguu yangu.

Sikufika zaidi ya sebule. Pale ukutani palipokuwa na picha ya Chiriku ameshika kile kikombe alichoshinda pana doa jeupe na msumari. Picha imetolewa. Nikauliza. Binti akatazama chini. Mkwe wangu ndiye aliyejibu, amesimama katikati ya chumba, mikono nyuma. Kwa mujibu wa hali ilivyo, mama, akasema, ni vyema usije hapa mpaka mambo yatulie. Kwa mujibu! Karani wa idara ya maji hata nyumbani kwake anaongea kama tangazo la kukata maji.

Nikamwambia yule ni shemeji yake. Amekula naye sahani moja. Akasema anajua. Akanifungulia mlango. Chai sikupewa, maji sikupewa, hata wajukuu sikuwaona, wamefungiwa chumbani.

Siku ya kwanza kuja kuposa nilisema: huyu ni mtu wa kuomba ruhusa kwa mlango kabla ya kuufungua. Mzee akanikanya. Haya, Mzee, umeona.

Nilimtazama binti yangu nikiwa getini. Alikuwa anang'ata kidole kama alivyokuwa mdogo.


Ijumaa, 8 Machi

Mwenye Miwani tena. Hakukaa sana. Aliuliza kama nina mtu wa kunifariji, maana mzigo huu ni mkubwa kwa mama. Nikamwaga yote. Kwamba hata mkwe wangu ametutupa kama maganda, picha kaitoa, mlango kanifungia. Akasema pole. Akasema watu wa namna ile wapo, wanathamini kazi yao kuliko damu.

Nilijisikia vizuri kwa dakika moja. Kisha nikaogopa ule uzuri wenyewe.


Jumapili, 10 Machi

Mtaa mzima unaupiga mluzi. Hawaimbi, hawathubutu. Lakini mwenye ndoo anatembea nao, anayefagia anafagia nao. Fundi viatu wa kona anapigilia kisigino — pa, pa, paa-pa. Nikasimama mbele yake, nikamwomba kwa sauti ya chini aache. Akanitazama kwa huruma. Mama, akasema, hivi ndivyo nyundo inavyokwenda.

Labda kweli. Labda sasa mimi nasikia hivyo kila kitu. Hata bomba la maji. Hata Mzee akitafuna.

Huwa najivuna, sikatai. Mwanangu mwenye masikio makubwa, aliyefukuzwa darasani kwa kugonga meza, leo watu wanamsimamia. Nilisema siku moja, mbele ya wote, kwamba natamani wimbo wake mmoja uimbwe na kila mdomo. Haya.


Jumatano, 13 Machi

Mzee ameniulia moyo leo.

Aliamka mapema akatoa sare yake ya bendi sandukuni. Suruali haimfungi, nikamtilia pini nyuma. Koti jekundu, vifungo vya shaba, amevisugua mwenyewe hadi vikawa kama macho ya paka. Anakwenda kuzungumza nao, kasema. Kiaskari. Amewapigia tarumbeta mvua na jua, wamezikana, wameoana, yeye yupo. Hawawezi kumkatalia neno moja kuhusu mtoto wake. Nilimsihi asiende. Mzee huyu hana siri wala hila, moyo wake uko mdomoni. Akaniambia nisimvunjie heshima. Akaenda, kifua mbele.

Karakanani nilishona mikono ya mashati kinyume. Msimamizi aliona, akapita. Ananiogopa kama mgonjwa wa kuambukiza.

Aliporudi jua lilikuwa linaelekea kuzama. Niliona mtu anakuja barabarani kwa fulana, nikadhani ni mlevi. Ni yeye. Fulana ya ndani, ile yenye tundu kwapani. Watu wamesimama milangoni wanamtazama. Hatazami mtu. Kifua bado mbele.

Walimkalisha kwenye benchi la koridoni siku nzima. Wakati wa kufunga ofisi, afisa mmoja kijana akatoka akamwambia koti ni mali ya serikali, na yeye si mtumishi tena. Alivue. Akalivua. Akalikunja vizuri, kasema, kama inavyotakiwa.

Nilimpa maji ya kuoga. Nimesikia bafuni hamwagi maji. Amesimama tu.


Jumamosi, 16 Machi

Siku hii nitaiandika kisha ukurasa nitauchoma.

Binti yangu alikuja karakanani. Jumamosi tunapokea watu wa kurekebisha nguo, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Nilitaka kumfukuza. Nilikuwa na maneno nimeyapanga tangu ile siku ya getini. Akaweka suruali mezani, akasema kwa sauti ya mteja: ya mume wangu hii, mama, naomba iongezwe mguu na ipunguzwe kiuno.

Nikaanza kumfokea — kiuno kipunguzwe cha nani, mume wako tumbo lake linatangulia kufika kazini — nikanyamaza hapohapo.

Mkwe wangu ni mfupi mnene. Nikaishika ile suruali. Akaniambia vipimo polepole, huku ananitazama machoni. Mguu nilishajua kabla hajautaja. Mguu ule nimeukatia kaptula tangu haujui kutembea.

Nikainama nikajifanya natafuta chaki.

Alipiga magoti kunisaidia kuitafuta. Chini ya meza, midomo yetu karibu, akanong'ona: Yuko kwetu, mama, stoo, nyuma ya jiko. Tangu Jumapili ile asubuhi.

Nikamwuliza, mumeo anajua?

Akanitazama kama niliyeuliza kama jua linajua mchana. "Ni yeye aliyekwenda kumchukua," akasema. "Mimi nilikataa. Nililia, nikamwambia tuna watoto. Akasema basi lia polepole, majirani wasisikie."

Picha aliitoa ili wakija wamwone ni mwoga. Wajukuu wamefungiwa chumbani kwa sababu mdogo hajui kunyamaza. Na mimi nilifukuzwa kwa sababu ningekuja kila siku, na gari lingenifuata kila siku.

Jumapili ijayo, ya tarehe ishirini na nne, kuna dereva wa kumvusha. Kabla ya hapo hapana.

Nimeshona suruali ile kwa mkono, si kwa mashine. Sikuamini mguu wangu kwenye kanyagio.


Jumatatu, 18 Machi

Nilidhani kutojua ndiko kunakoua. La! Kutojua ni godoro. Sasa najua, na kujua kumekaa mdomoni kama kaa la moto. Nikifungua nitatema, nikifunga naungua.

Sijamwambia Mzee. Nimekaa naye mezani, tunatazamana juu ya mkate. Mzee hali, analowanisha mkate kwenye chai mpaka unazama. Neno moja tu lingemfufua. Lakini angelivaa usoni kama lile koti jekundu, na Mwenye Miwani anasoma nyuso.

Na leo amekuja karakanani! Sijawahi kumwona huku. Alisalimia kila mtu, aliuliza habari za sare tunazoshona — ni za watu wake, mwezi huu tunashona sare zao, mashati mia kwa mia. Akashika kola niliyoimaliza akasema, mkono huu hauna mfano. Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akasema itabidi wapite kwa ndugu wote wa karibu waangalie tu. Utaratibu. Hata kwa yule mkwe wako, akasema, ingawa nadhani yule hata akiwa na kunguni wa mwanao angempeleka kituoni.

Nikacheka. Sijui kicheko kilitoka wapi. Nikasema, yule? Yule angemtangulia kunguni.

Akaondoka. Sindano ilikuwa imeingia kwenye kidole na sikuwa nimesikia.

Jioni nilimtuma Mama Vifungo hospitalini akapimwe presha kwa binti yangu — hana presha, hana habari, nilimwambia tu kwamba binti anamjali kama mama yake mdogo. Nilimpa neno la kusema: mama anasali wageni wasije kwako. Binti ataelewa. Nadhani ataelewa.


Jumatano, 20 Machi

Mkwe wangu alikuja karakanani kunitukana.

Ndivyo itakavyosimuliwa. Niandike ilivyokuwa.

Saa ya chai, watu wote wapo, milango iko wazi, na lile gari liko ng'ambo ya barabara. Kaingia na furushi la mapazia niliyowashonea walipooana. Akalitupa kwenye meza yangu. Mtu ambaye hata kikombe hukiweka chini kwa kukiomba radhi! Akasema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo: chukua vitu vyako. Sitaki uzi wako nyumbani kwangu. Umezaa mchochezi, sasa unataka kuniponza na mimi.

Mkwe kumsemesha hivyo mama wa mkewe! Cherehani zote zilinyamaza. Msimamizi alikuja mbio, akasimama. Nami nimepigwa na butwaa, kwa sababu hata nikijua — maneno yale yaliuma. Yalitoka yamenolewa.

Kisha akainama kuokota pazia lililoanguka, uso wake ukawa karibu na wangu, umelowa jasho. "Nijibu, mama," akasema kwa pumzi. "Wanatazama. Nitukane."

Nikamtukana.

Mungu anisamehe, nilimtukana vizuri. Nilianza na tumbo lake, nikapanda kwenye ukoo, nikateremka kwenye mahari. Nilimwita karani wa matone. Nikamwambia binti yangu angeolewa na bomba, angalau bomba hutoa maji. Nusu ya maneno yale sikuyatunga leo. Yalikuwa yananingoja. Nimeyalea miaka yote, na leo nimeyamwagia mtu anayelala chumba kimoja na kitanzi kwa ajili ya mwanangu.

Alisimama akayapokea yote. Mikono aliificha nyuma, kama kawaida yake.

Alipotoka Mama Vifungo alinikumbatia. Wenzangu, wale wa dirishani, wamerudi kukaa karibu. Mmoja kaniletea kipande cha mkate. Nilikitia mfukoni, sikukila.

Gari liliondoka nyuma yake, polepole. Halafu kwenye kona likageuka kwenda upande mwingine. Nililiona kwa macho yangu.

Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Zipite tu.


Alhamisi, 21 Machi

Hakuna aliyekuja. Hakuna kilichotokea. Nimeshona makola. Kila mlango ukilia nainua kichwa.

Mzee kasikia habari za ugomvi barabarani. Alirudi ameinamisha kichwa, akaniambia familia yetu imekwisha. Nikashika mdomo kwa mikono miwili. Nikamwambia nina jino.


Ijumaa, 22 Machi

Naandika chumbani. Mlango nimetia komeo. Mwenye Miwani yupo sebuleni. Mikono lazima ishike kitu, la sivyo itaniumbua.

Kaja mchana huu, na dereva tu. Kamletea Mzee koti lake! Limepigwa pasi, vifungo vyote vipo. Alisema yalikuwa makosa ya kijana asiye na adabu, na amemkanya. Mzee alilipokea kama anayepokea mtoto mchanga. Amelivaa hapohapo, juu ya fulana.

Kisha akanigeukia. Habari za ugomvi zimemfikia, akasema, na zimemuuma. Yeye naye ana mama. Yeye naye ni mkwe wa watu. Nyumba haipaswi kubomoka kwa sababu ya mtu mmoja aliyekimbia. "Twende kwa binti yako sasa hivi, mama," akasema. "Gari lipo. Mimi mwenyewe nitawapatanisha, nitakaa nao mpaka mshikane mikono."

Mzee akasimama. Machozi yanamtoka. Akamwambia Mungu akubariki, mwanangu.

Mwanangu!

Sijui kama anajua. Hilo ndilo linaloniua. Namtazama, naona mtu mwema. Namtazama tena, naona mtu anayenitazama ninavyomtazama.

Nikasema presha imenipanda. Nikashika ukuta, nikaingia huku kulala. Nilidhani nimeshinda. Baada ya muda akaja mlangoni, sauti ya taratibu: basi pumzika, mama. Nitamfuata binti yako nimlete, si ni nesi? Na mumewe aje, wakuombe radhi hapohapo kitandani. Mzee atanionyesha nyumba.

Kila nikirudi nyuma yeye anaingia mbele. Na Mzee nimemsikia akivaa viatu!

Nikapiga kelele kwamba nimepata nafuu. Kwamba nakuja, navaa. Akasema usijali, mama, hatuna haraka. Wamekaa tena. Mzee anamsimulia habari za bendi, anacheka. Sijamsikia akicheka tangu siku ile ya koti.

Kukimbia siwezi. Dirisha lina nondo, na goti ni goti. Kama kuna mtu atakayekaa kwenye gari lile, ni mimi, nitakaa mbele. Nitashuka wa kwanza. Sitangoja apige hodi. Nitasimama getini nimtukane mkwe wangu kwa sauti ambayo haijawahi kutoka kwa mtu wa umri wangu. Nitataja jina lake, nitataja tumbo lake, nitataja kwamba nimekuja na wakubwa. Jiko liko nyuma. Stoo iko nyuma ya jiko. Ukuta wa nyuma si mrefu, Chiriku akinisikia ataruka, na suruali yake ina nafasi ya kutosha gotini, hilo nililiangalia.

Watu wa mtaa watasema bibi yule amerukwa na akili, kaletwa kupatanishwa anazidisha. Waseme.

Ukurasa ule nilisema nitauchoma. Sikuuchoma. Mjinga mimi! Daftari hili nitalitia kifuani, chini ya gauni, nibanwe nalo hukohuko.

Nimejaribu sauti, nimeuelekeza uso kwenye mto. Haitoki. Nimekunywa maji ya kwenye glasi yote. Nimejaribu tusi la kwanza, lile la bomba.

Ameita. Mama, uko tayari?

Nimeitika. Sauti imetoka nyembamba, kama ya mtu anayeomba radhi. Hii haivuki hata geti. Nakohoa. Najaribu tena —